Maji ya Jumatano

Siku mume wangu alipooga bila kuambiwa, nilijua kuna mwanamke.

Usicheke. Wewe ungefikiri nini? Umeishi na mtu ambaye kuoga kwake ni vita. Unamwekea maji yanapoa, unayapasha yanapoa tena, unamshika mkono mpaka mlango wa bafu, anasimama pale kama amesahau bafu ni la kazi gani. Halafu asubuhi moja uko jikoni na mambo yako, unasikia ndoo inagonga sakafu na mtu anajimwagia maji kwa hiari yake. Niliacha chai ikafurika jikoni. Nikanyata mpaka mlangoni, nikatega sikio. Mtu anajisugua kabisa, na mgongo pia. Akatoka na shati safi, akanipita, akaenda kukaa kwenye kiti chake cha dirishani kumsubiri dada yake aje ampeleke kliniki. Ilikuwa Jumatano.

"Umeoga," nikamwambia.

"Ndiyo."

"Unamwogea nani?"

Akanitazama kwa uso wake ule ule, uso ambao ungeweza kuuambia nyumba inaungua na usione hata unyusi ukipanda.

"Nimeoga tu," akasema.

Mtaani walikuwa wakimwita Fundi Maneno. Ni fundi makochi, na mimi pia ni fundi makochi, maana kazi alinifundisha yeye kabla hajanioa. Karakana yetu ni chumba cha mbele cha nyumba, na kati ya karakana na sebule kuna pazia tu. Sasa, kochi ni kazi ya watu wawili. Mmoja anavuta kitambaa juu ya sponji mpaka mikunjo yote iishe, mwingine anapigilia misumari chini ya fremu. Ukijifanya hodari ukavuta mwenyewe na kupiga mwenyewe, kitambaa kinakwenda upande na kochi linatoka limenuna. Yeye alikuwa anapiga, mimi navuta. Misumari anaitia mdomoni, anaisukuma nje kwa ulimi mmoja baada ya mwingine, na bado anaongea. Sijaona mtu mwingine anayeweza kusimulia ugomvi mzima wa jirani na mdomo umejaa misumari. Na tukifika kwenye kona ngumu ilikuwa lazima aseme, "Vuta, mke wangu. Vuta kama unavyonivuta sikio." Wateja walicheka kila mara. Mimi nilijifanya nimechoka kuusikia utani huo. Sikuwa nimechoka.

Kisha yakaja maradhi. Alianza kusikia watu ndani ya ukuta, wakamtukana, wakampangia mabaya. Baadaye wakahamia kwenye makochi. Siku alipolichana kochi la mteja tulilolimaliza juzi yake, akatoa sponji yote nje akimtafuta mtu, mimi na wifi yangu, dada yake mkubwa, tulimpeleka hospitali. Daktari akasema ni skizofrenia. Akampa dawa, na dawa ikafanya kazi. Watu wa ukutani wakafunga virago. Mume wangu akarudi nyumbani haogopi, hachani kitu, hazungumzi na asiyeonekana. Kila aliyekuja kumjulia hali alitoka na neno hilo hilo: ametulia. Mama yangu, wateja, wifi. Ametulia, tushukuru Mungu. Na mimi nikashukuru.

Shida ni kwamba hakuacha kutulia. Alitulia asubuhi, akatulia mchana, akatulia mwaka ukaisha na mwingine ukaja kumkuta pale pale dirishani. Hakusoma, hakutazama televisheni, hata nje hakutazama, ingawa kiti kilikuwa dirishani. Ukimpa chakula anakula. Usipompa, hakiulizi. Nyundo yake ilikuwa ukutani, upande wa pili wa pazia, na hakuinyanyua. Nikawa navuta kitambaa kwa mikono, nakibana kwa goti, napiga msumari nikiwa nimejikunja kama mtu anayetafuta pete chini ya kitanda. Makochi yangu yakaanza kununa, na wateja nao wakanuna.

Siku moja nikamuuliza, "Umenichoka?"

"Hapana."

"Bado unanipenda?"

"Ndiyo."

Alilijibu lile swali sawa na nilipomuuliza kama chai ina sukari. Nililia jikoni, na hasira zilikuwa nyingi kuliko machozi. Mgonjwa ningemvumilia. Nilimvumilia alipokuwa anazungumza na ukuta, nikakesha naye, nikamshika. Lakini mgonjwa si ameshapona? Si kila mtu amesema? Basi huyu aliyekaa dirishani ni mtu mzima, mwenye akili zake, asiyenitaka.

Nitasema jambo la aibu. Niliwaonea wivu wale watu wa ukutani. Wale aliwapa maneno. Aliwajibu, akabishana nao, akawabembeleza mpaka sauti ikakauka. Mimi mke wake naambulia ndiyo na hapana.

Kwa hiyo wakati anaoga Jumatano ile, shauri nilikuwa nimeshalikata. Nilimwambia mama nitarudi kwake mwisho wa mwezi. Nguo zangu za maana zilikuwa kwenye sanduku nyuma ya mlango wa chumbani. Nilikuwa namsubiri mteja mmoja tu achukue kochi lake, niondoke roho ikiwa safi. Mume asiyenipenda nilikuwa tayari kumwacha. Lakini mume asiyenipenda mimi akamwogea mwingine? Hilo hapana.

Nikaenda mlango wa pili, kwa jirani yangu msusi. Huyu akianza kusuka kichwa chako, unaondoka na nywele mpya na umbea wa mtaa mzima.

"Ameoga mwenyewe?" akaniuliza.

"Mwenyewe. Na mgongo."

Akasimamisha kitana hewani. "Mgongo pia. Pole, shoga yangu. Wangu yule wa kwanza alianza na kucha."

"Lakini huyu hatoki. Anakwenda kliniki tu, na dada yake."

"Na huko kliniki kuna ng'ombe? Si kuna watu?"

Jumatano iliyofuata nilimvizia. Akaoga. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwa nimelisikia kwake tangu atulie: akauliza swali.

"Shati la bluu liko wapi?"

Shati la bluu nilimnunulia mimi. Nikamletea, nikamuuliza, nikijifanya sina neno, "Leo mbona la bluu?"

Akafunga vifungo, polepole, kimoja baada ya kingine. Nilidhani hatajibu, nikageuka niondoke zangu.

"Dada Polepole alisema nichague mwenyewe," akasema.

Dada nani? Wifi alipobisha hodi nilimtokea nje, nikamsimamisha kwenye ngazi.

"Wifi, Dada Polepole ni nani?"

Wifi yangu ni mwanamke mnene, mzuri, na akitaka kuficha kitu hutafuta miwani ndani ya mkoba. Akaanza kuitafuta miwani.

"Ni wale wa kule kliniki tu," akasema. "Wako wengi."

"Anafanya nini na mume wangu?"

"Anamsaidia. Tutachelewa, wifi yangu."

Walipopinda kona, nilishusha mlango wa karakana. Msusi akatoa kichwa nje, akaniona na viatu vya kutokea, akanipungia kitana kama anayemsindikiza askari.

Kliniki iko nyuma ya hospitali, jengo refu lenye ubaraza na mabenchi. Wifi alikuwa kwenye benchi anasinzia. Nikampita kwa nyuma, nikafuata madirisha moja baada ya jingine. La kwanza watu wamekaa duara wanazungumza. La pili mtu anakatakata karoti, mwingine anamtazama. Dirisha la tatu nikamkuta wangu.

Alikuwa amepiga goti mbele ya kigoda kidogo cha mbao, sponji juu, kitambaa cha maua juu ya sponji. Nyundo mkononi. Nyundo, jamani, ile ambayo nyumbani kwangu imeota kutu ukutani. Misumari ilikuwa kwenye bakuli. Na upande wa pili wa kigoda, magoti yakikaribiana na yake, kulikuwa na mwanamke wa umri wangu, nywele amezibana nyuma, mikono mifupi iliyojaa, ameshika pembe mbili za kitambaa. Hasemi kitu. Anamtazama tu na kusubiri, utadhani ana siku nzima ya kumtazama. Mume wangu akaweka msumari kwenye ubao, akainua uso.

"Vuta," akamwambia.

Yule mwanamke akavuta.

Sikumbuki nilivyopita mlangoni. Nakumbuka nilichokisema, maana wote waliokuwa mle ndani bado wananikumbusha.

"Hilo neno ni langu."

Nyundo ikasimama. Mwanamke akaachia kitambaa. Mume wangu akanitazama kwa uso wake wa siku zote, na uso huo ukanipandisha hasira mpaka utosini.

"Mimi hujaniambia vuta mwaka wa pili huu," nikamwambia. "Nabana vitambaa kwa meno. Huku una nyundo, una shati la bluu, una maneno. Kama umenichoka si useme? Huyu ana nini ambacho mimi sina?"

Hakujibu. Nilimpa nafasi ndogo sana ya kujibu, sasa najua, lakini wakati ule niliuona ukimya wake kuwa jibu. Wifi alikuwa amefika mlangoni, amejishika kifua. Yule mwanamke akasimama, akajipangusa magoti. Nilitaka ajitetee ili nipate pa kushikia. Hakujitetea.

"Wewe ndiye mkewe," akasema. "Nimekuomba uje mara nyingi. Karibu ukae."

"Umeniomba kupitia nani?"

Akamtazama wifi. Wifi akaanza kutafuta miwani.

Alijitambulisha. Kazi yake ni kuwarudisha wagonjwa kwenye shughuli zao, kuoga, kupika, kuzungumza na watu, kufanya kazi. Jina la Dada Polepole alipewa na wagonjwa kwa sababu ndilo neno lake. Nikamwambia mume wangu si mgonjwa, alishapona, ametulia.

"Hilo neno la kutulia ndilo linalotuchelewesha," akasema. "Nikueleze kwa lugha ya nyumbani. Ugonjwa huu ukimpata mtu, kuna vitu unaviingiza na kuna vitu unavitoa. Uliingiza zile sauti na ile hofu. Hivyo watu wote wanaviona, wanakimbilia hospitali, dawa inavituliza. Lakini ulitoa vitu pia. Hamu ya kuanza jambo. Maneno. Furaha ya kungojea kitu. Ishara za usoni. Hivi vikitoka havipigi kelele, kwa hiyo nyumbani wanasema mtu ametulia, au ni mvivu, au ana dharau. Daktari anaziita dalili hasi. Ni ugonjwa ule ule. Na ile dawa iliyofukuza sauti, peke yake, mara nyingi hairudishi vilivyotoka."

"Kwa hiyo hanichukii."

"Hilo muulize yeye, siyo mimi. Lakini usiusome uso wake. Uso wake haupeleki habari zilizoko ndani. Na ukimuuliza, subiri. Maneno yake yanatoka mbali, na wewe, samahani, ni mwepesi wa ulimi."

Mtu mmoja kwenye kona alicheka. Sikumjali.

Akaendelea kuniambia kwamba daktari alimchunguza upya. Alitazama kama kuna huzuni nzito imejificha chini, hakuikuta, ila akaona sehemu ya kule kuzubaa kwake ilitokana na dawa yenyewe, akaipunguza kidogo, kazi ambayo ni ya daktari na mtu mwingine asiijaribu nyumbani. Kilichobaki kinarudishwa kwa vitendo, kidogo kidogo. Walianza na kuoga siku moja tu kwa juma, siku ya kliniki, akiweza wataongeza. Kisha kuchagua shati.

Nikasikia joto la aibu usoni, ila wivu haukunitoka. Ulibaki pale pale, ukabadilisha sababu tu. "Na neno la vuta?" nikamuuliza. "Hilo nalo ni dawa ya daktari?"

"Hilo ni lake," akasema. "Nilimuuliza, kazi yako ulikuwa unaifanyaje? Alikaa kimya mpaka nikadhani hakunisikia. Halafu akasema, 'Mke wangu anavuta.' Nikamwambia basi leo mimi nitavuta. Lakini kama unavyoona, sijui kuvuta."

Nikakitazama kile kigoda. Kweli, kitambaa kilikuwa kimekwenda upande, maua yote yameinama kama yamelewa. Kazi ya aibu. Huyu mwanamke hata kushika pembe hajui, anashika kwa vidole badala ya kiganja. Nakiri kwamba nilifarijika kupita kiasi.

"Sogea," nikamwambia.

Nikapiga goti mahali pake. Nikang'oa misumari miwili iliyopinda, nikakinyoosha kitambaa, nikakishika kwa viganja. Mume wangu alikuwa ananitazama mikono. Nikasubiri. Nikasubiri tena. Mdomo wangu ulishafunguka nimwambie haya basi, sema, tuone, na Dada Polepole akainua kidole kimoja. Nikaufunga. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kufunga mdomo. Saa ya ukutani ilikuwa inanicheka.

"Vuta," akasema mume wangu.

Nikavuta. Maua yakasimama wima. Akapiga msumari, mapigo mawili na la kuhakikisha, kama zamani. Niliungojea ule utani wa sikio. Haukuja. Uso wake ulikuwa ule ule, na sauti ilikuwa tambarare, lakini alikuwa amesogeza goti lake kunipa nafasi, kama alivyokuwa akifanya siku zote kwa sababu anajua goti langu la kushoto linauma.

Tulipotoka nilimweka wifi kwenye benchi.

"Kwa nini hukuniambia?"

Safari hii hakutafuta miwani. "Niliogopa," akasema. "Ulishamuuguza vya kutosha. Nilijua ukisikia kwamba bado anaumwa, utamwacha."

"Wifi, sanduku langu liko nyuma ya mlango. Nilikuwa namwacha kwa sababu nilidhani haumwi."

Tulitazamana pale kwenye benchi, wajinga wawili wazima, na mume wangu katikati yetu akiwa ameshika kigoda chake mapajani. Wifi alilia. Mimi nilimpa leso, nikamwambia kuanzia leo Jumatano ni zangu. Alinuna kidogo. Kumbe na yeye alikuwa na wivu wake.

Nyumbani mambo hayakuwa kama hadithi. Nilifundishwa kumpa jambo moja, wakati ule ule kila siku, baada ya chai: aje karakana, apige msumari mmoja. Siku nyingine alipiga, siku nyingine alisimama mlangoni akarudi kwenye kiti. Nilifundishwa nisimwite mvivu, nisimfanyie kila kitu, na akifanya nimwambie hasa alichofanya. Nikajitahidi. Lakini mimi ni mimi. Siku moja mteja amesimama juu ya kichwa changu anataka kochi lake, nimeshika kitambaa mikono inakufa ganzi, namngoja aseme, hasemi, nikamfokea.

"Hata jiwe lingeshasema."

Akaiweka nyundo chini, taratibu, akaenda dirishani. Hakuja karakana siku hiyo wala iliyofuata wala ile nyingine. Nililitoa sanduku nyuma ya mlango, nikalifungua kitandani, nikaangalia zile nguo. Mama alikuwa ananingoja. Hakuna ambaye angenilaumu. Nilijiambia ukweli wote: huenda yule wa misumari mdomoni harudi tena. Dada Polepole hakuniahidi. Alisema wengine hurudisha mengi, wengine machache, na hakuna anayejua mapema. Je, nitakaa na huyu, huyu huyu, kwa neno moja kwa siku?

Nikaenda kukaa sakafuni karibu na kiti chake.

"Nilikukosea kwa lile la jiwe," nikamwambia. "Ninataka kujua jambo moja. Unataka nikae au niende? Nitasubiri."

Nikasubiri. Nje watoto walipita kwenda shule, muuza maji akapita, msusi akafungua redio. Nilihesabu maua ya pazia nikamaliza, nikayahesabu kutoka upande wa pili. Ulimi ulinichoma.

"Wewe ukivuta," akasema, akanyamaza. Nikauma midomo. "Ukivuta wewe, kinanyooka."

Basi. Hayo tu. Msusi angeniambia hilo si jibu. Mimi ni fundi makochi, nililielewa. Nilirudisha nguo kabatini, na sanduku nikaliweka juu, mahali ambapo mpaka nipande stuli kulifikia. Mama nilimwambia mgonjwa hajapona, kwa hiyo siji. Alidhani nimechanganyikiwa na mimi.

Wivu sikuuacha. Kila Jumatano nilikuwa nasikia ndoo, naona shati la bluu, na nafsi inaniambia: maji yale ni ya Dada Polepole. Nakwenda naye, nakaa pembeni, naona anavyofundishwa kumpokea mteja, karibu, ukae, unataka kochi la aina gani, na Dada Polepole anajifanya mteja mwenye maneno mengi. Yule dada nilishampenda, ana moyo. Lakini kwake anaoga. Kwangu anakaa na jasho la juma zima. Nilimwambia hivyo usoni, akacheka, akasema, "Mwachie nafasi ya kuongeza siku mwenyewe." Nikasema sawa. Nikakereka njia nzima.

Ikaja Jumamosi. Nilikuwa karakana na msusi, amekuja kuazima mkasi na kukaa saa nzima. Kochi kubwa la mteja lilikuwa katikati, nimefika kwenye ile kona ngumu, natafuta namna ya kuibana kwa goti. Nikasikia ndoo ikigonga sakafu.

Nikadhani nimekosea siku. Nikamtazama msusi. Na yeye alikuwa amesimamisha mkasi.

"Leo si Jumamosi?" akanong'ona. "Kliniki si imefungwa?"

"Imefungwa."

Maji yalimwagika. Yakamwagika tena. Tulikaa kimya wote wawili, na msusi kukaa kimya si jambo dogo. Kisha pazia likasogea. Mume wangu alikuwa na shati la kazini, lile lenye madoa ya gundi, kifungo kimoja kimeingia tundu la jirani yake. Nywele zilikuwa na maji, sabuni nyeupe imebaki nyuma ya sikio. Uso ule ule.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza.

Nikasubiri. Sasa nilikuwa nimeshazoea kidogo.

"Siendi popote," akasema. Akaishusha nyundo kutoka ukutani, akaja kupiga goti upande wa pili wa kochi.

Msusi alinikodolea macho. Alishindwa kujizuia, akaniinamia sikioni. "Sasa huyu Jumamosi yote hii anamwogea nani?"

"Kuna mwanamke," nikamwambia. Kisha nikashika kitambaa kwa viganja, nikangoja aniambie nivute.